Haipo, Haipa na Tezi: Jinsi ya Kuyafungua Majina ya Mfumo wa Homoni

Hipoparathairoidizimu. Neno hili humkatisha tamaa mwanafunzi wa uuguzi, mkalimani wa zahanati na mgonjwa aliyeshika karatasi ya majibu, wote kwa pamoja. Lakini mzungumzaji wa Kiswahili ana faida ambayo hajaistukia: lugha yake imejengwa vivyo hivyo. "Hawatakupikia" ni neno moja, na ndani yake mna ukanushi, watendaji, wakati, mtendewa, mzizi wa kupika na kinyambuo cha kumfanyia mtu. Hakuna aliyekaa akalikariri. Tunalifungua tu, pande kwa pande, bila hata kujijua.

Basi fungua na hilo la kwanza. Hipo- ni pungufu. Para- ni kando ya. Thairoidi ni tezi ya shingoni. -izimu ni hali. Kwa hiyo ni hali ya upungufu wa utendaji wa tezi zilizo kando ya thairoidi. Asilimia kubwa ya istilahi za fani hii hufunguka hivyo, na vipande vinavyorudiarudia si vingi. Kazi ngumu iko kwingine: kuna majina yanayofunguka vizuri kabisa halafu yakakupeleka pasipo, na kuna mengine tuliyoyapotosha wenyewe tulipoyatafsiri. Hayo ndiyo yatakayochukua nafasi kubwa hapa.

Tezi ipi hiyo?

Neno "tezi" limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Mtu akisema "nina tezi", huenda ana rovu, yaani uvimbe wa thairoidi mbele ya shingo. Huenda ana mtoki kinenani kwa sababu ya kidonda cha mguu. Huenda anazungumzia mafindofindo. Akiwa mwanamume wa makamo, huenda anamaanisha tezi dume. Kati ya manne hayo, ni la kwanza tu linaloingia katika mfumo wa homoni.

Tezi, kwa maana ya kitabibu, ni kiungo kinachotengeneza kitu na kukitoa. Zipo za aina mbili. Zenye mifereji humimina bidhaa yake mahali mahususi: tezi za mate kinywani, za jasho juu ya ngozi, za machozi jichoni. Zisizo na mifereji humwaga bidhaa yake moja kwa moja kwenye damu, nayo husafiri mwili mzima mpaka ifike kwenye seli zenye kipokezi chake. Hizi za pili ndizo endokrini: endo- ni ndani, na -krini inatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kutenga au kuchuja.

Tezi dume ina mifereji. Humimina majimaji yake kwenye njia ya mkojo, yakachanganyika na mbegu. Jina limewafanya wengi waamini kwamba ndiyo kiwanda cha homoni ya kiume, na kwamba ikiondolewa mtu hupungukiwa na uanaume wa kihomoni. Testosteroni hutoka kwenye korodani. Tezi dume huipokea tu na kukua kwa amri yake. Hizo tunazoziita "tezi za limfu" nazo si tezi kabisa, kwani hazitengenezi kitu cha kumwaga popote. Ni vituo vya askari wa kinga, na "vifundo vya limfu" ni jina la haki zaidi.

Neno "homoni" lenyewe lilianza kutumika mwaka 1905, likiletwa na Ernest Starling wa London kutoka kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea au kusukuma kitu kianze kwenda. Miaka mitatu kabla, yeye na William Bayliss walikuwa wamegundua sekretini, kitu kinachotolewa na ukuta wa utumbo mwembamba ili kuliamrisha kongosho limimine majimaji yake. Kwa hiyo homoni iliyofungua somo zima ilitoka tumboni, si kwenye tezi yoyote inayochorwa kwenye zile picha za ukutani. Figo nazo hutoa homoni (erithropoietini), mafuta ya mwili pia (leptini), hata moyo.

Majina ya mahali

Majina mengi ya tezi yanaeleza umbo au mahali, mara chache kazi, na pale yanapoeleza kazi huwa yamekosea. Pituitari ndiyo mfano bora. Inatokana na neno la Kilatini la kamasi, kwa sababu wataalamu wa kale walidhani ubongo huchuja kamasi kupitia hapo na kuishusha puani. Tezi hiyo ina uzito wa takribani nusu gramu, haizidi punje ya njegere, na haina uhusiano wowote na kamasi. Juu yake iko hipothalamasi, sehemu ya ubongo ambayo hipo- yake haimaanishi upungufu bali "chini ya": iko chini ya thalamasi. Kiambishi kimoja, maana mbili. Kikitangulia jina la kiungo cha mwili peke yake, kwa kawaida kinataja mahali. Neno likiishia na -izimu au -emia, kinataja upungufu.

Thairoidi ni ngao, kwa umbo la gegedu la koo lililo jirani yake. Vitabu vya Kiswahili huiita pia tezi dundumio. Jina la kigeni la kongosho, pankriasi, ni "nyama tupu", kwa kuwa halina mfupa wala gegedu. Adrenali ni ad-, karibu na, pamoja na ren, figo kwa Kilatini. Ndizo tezi mbili zilizovaa kichwa cha kila figo kama kofia, na mbali na ujirani huo hazifanyi kazi ya figo. Kila moja ina gamba na kiini, na ni kama tezi mbili tofauti zilizofungwa pamoja: gamba hutoa kotisoli, aldosteroni na homoni hafifu za kiume, kiini hutoa adrenalini.

Hapa pana mtego wa kazini. Waliotumia Kigiriki badala ya Kilatini walichukua epi-, juu ya, na nefro, figo, wakapata epinefrini. Adrenalini na epinefrini ni kitu kimoja. Marekani huandika la pili, Uingereza la kwanza, na kichupa kinaweza kuwa na lolote kati ya hayo. Hatari haikomei kwenye jina: nguvu ya dawa hiyo iliandikwa kwa miaka mingi kama uwiano. 1:1000 ni miligramu 1 kwa kila mililita; 1:10,000 ni miligramu 0.1. Aliyeharakishwa huona tarakimu kubwa akadhani ndiyo kali zaidi, kumbe ni kinyume. Soma miligramu kwa mililita, acha uwiano.

Haipo na haipa

Kwenye maandishi, hipo- (pungufu) na haipa- (kuzidi) zinatofautiana vya kutosha. Mdomoni ni habari nyingine. Wengi waliosomea kwa Kiingereza hutamka "haipo" na "haipa", na tofauti yote inabaki kwenye irabu moja ya mwisho, katikati ya neno refu, kwenye wodi yenye kelele. Ajabu ni kwamba "haipo" kwa Kiswahili ni kitu kisichokuwapo, jambo linalosaidia kukumbuka upande wa upungufu. Lakini usilichukue kwa uzito wote: hipo- ni pungufu, si kutokuwapo kabisa. Mgonjwa wa hipothairoidizimu mara nyingi bado ana homoni, ila haitoshi.

Maagizo ya mdomo yakihusu mwelekeo, sema "upungufu wa" au "kuzidi kwa" na uache viambishi kwenye karatasi. "Sukari imeshuka" haikosewi. "Ana haipoglaisemia" inaweza kusikika ndivyo sivyo, na matibabu ya hizo mbili yanakwenda pande tofauti: mmoja anahitaji sukari, mwingine huenda anahitaji insulini.

Mwisho wa neno nao una kazi. -emia ni ndani ya damu, -uria ni ndani ya mkojo. Glaisemia ni sukari ya damu. Glukosuria ni sukari kwenye mkojo. Natremia ni sodiamu ya damu, kwa jina lake la Kilatini, natrium.

Halafu kuna hizi mbili: haipakalemia na haipakalsemia. Ya kwanza ni potasiamu kuzidi, kutoka kalium, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu majivu ya mimea. Ya pili ni kalsiamu kuzidi, kutoka calx, chokaa. Zinatenganishwa na herufi moja, s, na hiyo s ndiyo ya chokaa. Kuzichanganya si kosa la tahajia tu. Potasiamu iliyozidi huweza kusimamisha moyo kwa muda mfupi, na miongoni mwa sababu zake ni kushindwa kwa gamba la adrenali. Kalsiamu iliyozidi kwa kawaida huja polepole, na kiu, haja ngumu, mawe ya figo na uchovu. Mara nyingi chanzo ni mojawapo ya tezi za parathairoidi kufanya kazi kupita kiasi.

Tezi hizo za parathairoidi mara nyingi ni nne, kila moja kama punje ya mchele, zimebandikwa nyuma ya thairoidi. Ujirani tu ndio uliozipa jina. Thairoidi huongoza kasi ya mwili kutumia nishati. Parathairoidi huongoza kalsiamu. Upasuaji wa thairoidi ukizijeruhi, kalsiamu hushuka ndani ya siku moja hadi tatu: midomo na ncha za vidole hufa ganzi au kuchomachoma, kisha mikono hukakamaa. Mgonjwa akiambiwa "ni thairoidi tu" anaweza kuchelewa kusema. Anapaswa kusema saa hiyohiyo.

TSH iko juu, kwa hiyo thairoidi imezidi?

Hapana. Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote, nalo linazaliwa na jina lenyewe. TSH ni homoni inayoichochea thairoidi, lakini haitoki kwenye thairoidi. Hutoka pituitari. Ni sauti ya anayeagiza, si kazi ya anayeagizwa.

Mpangilio una ngazi tatu. Hipothalamasi hutuma TRH kwa pituitari. Pituitari hutuma TSH kwa thairoidi. Thairoidi hutoa T4 kwa wingi na T3 kidogo. Tarakimu hizo ni idadi ya atomi za iodini ndani ya kila molekuli. T4 na T3 zikitosha kwenye damu, pituitari na hipothalamasi hupunguza sauti. Zikipungua, hupaza. Utaratibu huu huitwa mrejesho hasi, na "hasi" hapa haina ubaya wowote. Maana yake ni kwamba jibu linakwenda kinyume cha badiliko, likirudisha mambo mahali pake. Mrejesho chanya upo lakini ni nadra. Oksitosini wakati wa kujifungua ni mfano: mkazo wa mji wa mimba huleta oksitosini zaidi, nayo huleta mkazo zaidi, mpaka mtoto atoke.

Sasa chukua karatasi yenye TSH 24 na T4 huru iliyo chini ya kiwango. Maabara nyingi huweka TSH ya mtu mzima kati ya takribani 0.4 na 4.0. Pituitari inapiga kelele, thairoidi haisikii au haiwezi. Huu ni upungufu wa thairoidi, japo mshale uliochapwa kando ya TSH unaelekea juu. Geuza: TSH chini ya 0.01, T4 huru juu. Thairoidi inamwaga homoni bila kuagizwa, pituitari imenyamaza. Huku ndiko kuzidi. TSH juu kidogo na T4 ya kawaida ni upungufu uliojificha: thairoidi bado inamudu, lakini kwa kupigiwa kelele. Ama "huru" maana yake ni T4 isiyoshikwa na protini za damu. Zaidi ya asilimia 99 ya T4 imeshikwa na haifanyi kazi mpaka iachiwe, ndiyo sababu ile iliyo huru hupimwa peke yake.

Kuna hali ya nne ambayo msomaji wa haraka huikosa: T4 chini, na TSH chini au ya kawaida. Thairoidi haina kasoro, agizo ndilo halifiki. Kasoro iko pituitari au hipothalamasi. Wataalamu huuita upungufu wa pili, na ule wa kwanza wanauita wa msingi. Tafsiri hizi zimeleta balaa. Mgonjwa akisikia "ya msingi" hudhani ni hatua ya mwanzo, na "ya pili" hudhani ugonjwa umekomaa. Maneno haya yanataja ngazi yenye kasoro, si umri wa ugonjwa. Ni afadhali kusema wazi "upungufu wa tezi yenyewe" na "upungufu wa agizo kutoka pituitari", hata kama sentensi itarefuka.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwenye adrenali, na pale inaonekana kwa macho. Adrenali yenyewe ikiharibika, pituitari humwaga ACTH nyingi kuiamsha. ACTH hukatwa kutoka kwenye protini mama ileile inayotoa homoni ya kuchochea rangi ya ngozi, na yenyewe pia huamsha seli za rangi. Matokeo: mikunjo ya viganja, fizi na makovu mapya huwa meusi kuliko kawaida. Potasiamu hupanda, kwa kuwa aldosteroni, inayoziambia figo zitoe potasiamu, nayo imekosekana. Kasoro ikiwa pituitari, hakuna weusi, na potasiamu kwa kawaida hubaki sawa, maana aldosteroni huongozwa zaidi na figo kupitia renini kuliko na pituitari.

Mtu aliyetumia vidonge vya prednisoloni kwa wiki kadhaa anaangukia kundi hili la pili. Kotisoli ya bandia imeishawishi pituitari inyamaze, na adrenali zimesinyaa kwa kukosa agizo. Akiviacha ghafla hana cha ndani wala cha nje. Shinikizo la damu linaweza kuporomoka, hasa akipatwa na homa kali au akifanyiwa upasuaji. Ndiyo maana dozi hupunguzwa kidogokidogo.

Kwa wanaotumia levothairoksini, yaani T4 ya vidonge, mambo matatu yanayotokana na istilahi hizi. Nusu ya T4 huondoka mwilini kwa takribani siku saba, kwa hiyo kupima TSH wiki moja baada ya kubadili dozi ni kupoteza damu na fedha. Subiri wiki sita hadi nane. Kidonge humezwa tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, na kitengwe kwa saa nne na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu, kwani hivyo hukishika tumboni kisifyonzwe. Na dozi yake ni maikrogramu. Mia moja ni miligramu 0.1, si miligramu 100.

Familia ya gluko

Glukosi, glaikojeni, glukagoni. Ukiyataja haraka yanasikika kama ndugu wa tumbo moja, na kwa kweli wote wamezaliwa na neno la Kigiriki la utamu. Glukosi ni sukari yenyewe ndani ya damu. Glaikojeni ni akiba ya sukari hiyo, imefungwa katika minyororo mirefu kwenye ini na misuli. -Jeni ni kizalishi, yaani kinachozalisha sukari kikivunjwa. Glukagoni ni homoni inayoliambia ini livunje akiba. Kwa sentensi moja: glukagoni huvunja glaikojeni itoe glukosi.

Ukiishika sentensi hiyo, unaelewa jambo linalowashangaza wengi. Mgonjwa wa kisukari aliyezimia kwa sukari kushuka hupewa sindano ya glukagoni, miligramu 1 kwa mtu mzima, wala si chakula mdomoni. Wakati mwingine sindano haifanyi lolote. Kwa nini? Kwa sababu glukagoni si sukari, ni amri. Kama mtu hajala kwa siku mbili au amekunywa pombe nyingi, ghala la ini ni tupu na amri haina cha kuvunja. Anahitaji glukosi ya mshipani. Aliye macho na anayeweza kumeza apewe takribani gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka, vijiko vitatu vya chai vilivyojaa ndani ya maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na apewe tena ikiwa bado iko chini ya 3.9.

Hiyo 3.9 ni ya milimoli kwa lita. Mashine nyingine huonyesha miligramu kwa desilita, ambako kiwango hichohicho ni 70. Kubadili, zidisha milimoli kwa 18. Kiwango cha kumtangaza mtu ana kisukari akiwa hajala ni 7.0, au 126 kwa kipimo kile kingine, na kwa HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache iliyopita) ni asilimia 6.5, asiyekuwa na dalili hurudiwa kipimo kabla ya kutangazwa. Mtu akikupigia simu kwamba sukari ni 18, usiseme lolote kabla ya kuuliza kipimo. Milimoli 18 ni kuzidi sana. Miligramu 18 ni mtu anayekufa.

Insulini imepata jina kutoka neno la Kilatini la kisiwa, kwa visiwa vidogo vya seli ndani ya kongosho ambavyo Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869, bila kujua kazi yake. Visiwa hivyo ni asilimia moja au mbili tu ya uzito wa kongosho. Sehemu iliyobaki ni ya mifereji, inayotoa vimeng'enya vya kusagia chakula. Kongosho, basi, liko kambi zote mbili. Insulini nyingi huja kwa nguvu ya yuniti 100 kwa mililita, na hapa pana kosa lililoua watu: kufupisha yuniti kwa herufi U. Mwandiko ukiwa wa haraka, 10U husomeka 100. Andika neno zima.

"Uvimbe" mmoja, magonjwa matatu

Kiswahili kina neno "uvimbe" linalofaa kila mahali, na ndiyo shida yake. Kiishio -itisi ni mwasho wa tishu, kinga au vijidudu vikiishambulia: thairoiditisi. Kiishio -oma kwa kawaida ni kiota cha seli zilizokua bila mpangilio: adenoma ya pituitari ni kiota cha seli za tezi, na mara nyingi si saratani. Rovu ni kutanuka kwa thairoidi kwa sababu yoyote ile, iwe upungufu wa iodini, kinga kuichochea au vinundu. Ukimwambia mgonjwa "una uvimbe kwenye tezi" kwa yote matatu, atasikia saratani mara tatu. Sema mwasho, kinundu, au kutanuka.

Jina jingine refu la fani hii linafunguka hivi: fiokromositoma. Fio- ni rangi ya giza, kromo- ni rangi, sito- ni seli, -oma ni kiota. Seli zake hugeuka rangi ya kahawia zikiwekwa kwenye chumvi za kromiamu, na aliyelipa jina aliangalia darubini, hakumwangalia mgonjwa. Hakuna kipande hata kimoja kinachokuambia kwamba kiota hiki kiko kwenye kiini cha adrenali, kinamwaga adrenalini na ndugu zake, na kinaleta vipindi vya kichwa kugonga, jasho na moyo kwenda mbio, shinikizo la damu likiwa juu.

Majina ya watu ni mabaya zaidi kwa sababu hayafunguki kabisa. Ugonjwa wa Graves, kwa jina la daktari wa Dublin aliyeueleza 1835, ndio ule ambao Wajerumani huuita wa Basedow, aliyeueleza 1840. Addison, 1855, ni adrenali kuharibika. Hashimoto, 1912, ni kinga kuila thairoidi. Cushing ana mawili yanayochanganywa: sindromu ya Cushing ni dalili zote za kotisoli kuzidi, hata kama chanzo ni vidonge vya prednisoloni, ugonjwa wa Cushing ni pale tu chanzo kinapokuwa adenoma ya pituitari inayomwaga ACTH. Kila mwenye ugonjwa ana sindromu. Wengi wenye sindromu hawana ugonjwa.

Kisukari kisicho na sukari

Diabetisi kwa Kigiriki ni kupita moja kwa moja: maji yanaingia mdomoni na kutoka bila kukaa. Yako magonjwa mawili ya namna hiyo yasiyohusiana, na madaktari wa zamani waliyatofautisha kwa kuonja mkojo. Wenye utamu wa asali wakauita melitasi. Usio na ladha wakauita insipidasi. Kiswahili kilipotafsiri kilichukua ule wa kwanza na kuuita kisukari, jina zuri na la kweli. Kisha mtu akatafsiri wa pili kuwa "kisukari insipidasi", na tukapata kisukari kisicho na sukari.

Ule wa kwanza nao una kasoro ya majina: aina ya kwanza na aina ya pili si hatua. Ya kwanza ni kinga kuharibu seli zinazotengeneza insulini. Ya pili ni mwili kuikaidi insulini, huku kongosho likishindwa polepole kufidia. Mwenye aina ya pili akianza sindano za insulini hajahamia ya kwanza.

Insipidasi ni hadithi ya vasopresini. Homoni hii hutengenezwa hipothalamasi, huhifadhiwa sehemu ya nyuma ya pituitari, na huziambia figo zirudishe maji. Ina majina mawili kwa sababu waliona kazi zake mbili: vasopresini kwa kubana mishipa, ADH kwa kuzuia mkojo. Ikikosekana, au figo zisipoitii, mtu mzima hukojoa zaidi ya lita tatu kwa siku, mkojo mweupe kama maji, na hunywa usiku kucha.

Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa homoni vilipendekeza jina libadilishwe: upungufu wa vasopresini, kwa kifupi AVP-D (AVP ni vasopresini), na ukaidi dhidi ya vasopresini, AVP-R. Sababu haikuwa urembo wa lugha. Wagonjwa waliolazwa kwa jambo jingine waliandikiwa "diabetisi" kwenye jalada, wahudumu wakapima sukari, wakaikuta sawa, wakaona hakuna haja ya dawa ya desmopresini (vasopresini ya kutengenezwa), na wengine wakafa kwa kukaukiwa maji. Majalada ya zamani bado yana jina la kale, kwa hiyo yote mawili yatakutana mbele yako kwa miaka mingi. Ukiona insipidasi au AVP-D, glukosi siyo ya kufuatilia. Pima sodiamu ya damu, andika maji yanayoingia na mkojo unaotoka, mwache mgonjwa aweze kufikia maji muda wote, na desmopresini isirukwe hata dozi moja bila daktari wa homoni kuulizwa.